Picha ya Msiba wa Mzee Msengi

Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, ukifika Shelui pale malori yanapopumzika, tazama kushoto. Kati ya duka la pembejeo na banda la chipsi kuna mlango wa buluu, na juu yake maandishi ya brashi: ZEFANIA STUDIO, PICHA SAFI KWA WATU WOTE. Neno la mwisho limebanwa pembeni kwa herufi ndogo, maana mwandishi aliishiwa ukuta. Madereva walidhani nyumba imehamwa. Lakini mpaka juzijuzi mlango huo ulifunguliwa kila siku isipokuwa Jumapili, na ndani alikuwamo Damari binti Zefania, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, anasubiri mtu aje apigwe picha. Mtu hakuja.

Haikuwa hivi zamani. Baba yake, Zefania, alikuwa na kamera wakati watu wengi wa huko Iramba hawajawahi hata kuishika. Baada ya mavuno watu walikuja kwa miguu kutoka Ntwike, kutoka Mgongo, wengine wamelala njiani, wamebeba viatu mikononi ili visichafuke kabla ya picha. Zefania aliwaketisha kwenye kiti cha mkeka mbele ya pazia lenye maua, akawaambia wasipepese macho, akapiga. Kisha waliambiwa warudi wiki ya mnada kuchukua picha zao zikiwa zimesafishwa.

Na kulikuwa na koti. Koti la kijivu, la mtumba, lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwanamume yeyote aliyekuja na shati lililochanika alivalishwa koti hilo, atake asitake. Zefania alikuwa mkali katika hilo. "Siku ukifa," alikuwa akisema, "watoto wako wasikukumbuke na kiwiko nje." Matokeo yake ukiingia nyumba yoyote ya zamani pale Shelui ulimkuta ukutani baba mwenye nyumba amevaa koti la kijivu, ukienda kwa jirani ulimkuta na yeye amevaa lile lile, na mkwe wao pia. Watu walitania kwamba koti la Zefania limeoa wanawake wote wa Iramba.

Zefania alipofariki, kazi ikamwangukia Damari, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsaidia kusafisha picha kwenye chumba cha giza tangu yuko shule ya msingi. Kaka yake Hezekia alikuwa ameshahamia Singida mjini kwenye biashara ya spea za pikipiki. Chumba cha studio kilikuwa cha wote wawili, urithi wa baba, na Hezekia hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, kila alipopita: "Dada, mimi sikufukuzi. Watu wakiwa wanakuja, kaa. Wakiacha kuja, niachie niweke spea." Damari akakubali. Wakati huo watu walikuwa bado wanakuja.

Halafu zikaja simu. Hakuna haja ya kueleza sana, kila mtu anajua simu zilifanya nini. Kitambulisho ukienda kujiandikisha wanakupiga picha wenyewe palepale. Wanafunzi wa darasa la saba wanapigwa na mwalimu wao, kwenye ukuta wa choo, na picha zinakwenda kutolewa mjini. Siku ya kipaimara, ambayo Zefania alikuwa akiivalia tai, sasa kila shangazi ananyanyua simu yake, mchungaji hajui atazame ipi. Damari alikwenda mwaka mmoja na kamera yake shingoni, akasimama nje ya kanisa mpaka watu wakaisha, akarudi hajapiga hata moja. Hakwenda tena.

Kilichombakiza ni misiba. Ukifa Shelui, mjukuu wako anatangulia mbele ya jeneza amebeba picha yako kwenye fremu, na jeneza likishawekwa chini, picha inawekwa juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe. Msiba usio na picha unasemwa vibaya, kwamba marehemu amezikwa kama mtu asiye na kwao. Sasa zile picha za simu, unazitafuta siku hiyo huzioni. Simu iliibiwa mnadani. Simu iliingia maji. Ya marehemu ina namba za siri ambazo amekwenda nazo. Zile za zamani za ukutani zililiwa na mchwa, fremu ikabaki na kioo chake. Ndipo watu walipokuwa wakikumbuka mlango wa buluu.

Zefania hakutupa negativu hata moja, ile mikanda ambayo picha hutolewa. Aliziweka kwenye makopo ya biskuti, kila kijiji kopo lake. Mfiwa alikuja analia, akasema baba au mama wa kijiji fulani, alipiga picha mwaka fulani wa mvua kubwa au wa njaa, na Damari alitafuta akampata. Aliweka negativu juu ya kioo chenye taa, akaipiga kwa kamera ya kisasa, akaigeuza kwenye kompyuta, na uso ukatokea. Watu waliwahi kupiga magoti mbele ya ile kompyuta. Kwa kazi hiyo Damari aliheshimika kuliko mwenyekiti wa kijiji, akaitwa dada hata na waliomzidi umri. Naye alijua kabisa alipo. Kazi zingine zote za studio zilikuwa zimekufa, hii tu ndiyo iliyokuwa inapumua. Siku watu watakapoacha kumwamini na nyuso za wazee wao, studio ya baba yake imekwisha.

Ilikuwapo taabu moja tu. Picha za makopo zilikuwa za ujanani, na marehemu amekufa mzee. Waombolezaji walilalamika: huyu kijana ni nani, sisi tumekuja kumzika babu. Kwa hiyo Damari alijifunza kuzeesha. Alimpaka marehemu mvi kidogo kidogo kwa kompyuta, akamshusha mashavu, akamchora mistari kwenye paji la uso. Alikuwa fundi wa hilo. Wafiwa walisema, kweli huyu ni yeye, ni kama alipigwa juzi. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na mpaka Mzee Msengi alipofariki, ubaya haukuwapo.

Mzee Msengi wa Mgongo alifariki siku ya Jumanne alfajiri, na binti yake Joyce akafika studio asubuhi hiyo hiyo juu ya bodaboda, kanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba.

"Pole sana mdogo wangu," Damari akasema, akamwekea kiti.

"Asante dada. Tunazika kesho. Nyumbani hakuna picha hata moja, mchwa wamemaliza." Joyce akafuta pua. "Baba alikuwa anasema alipiga hapa kwa mzee Zefania, yeye na ndugu zake, mwaka walipoinua kanisa. Alikuwa na koti."

Wote walikuwa na koti, ndugu msomaji. Hapo ndipo penye mambo.

Damari akashusha kopo la Mgongo. Mwaka wa kuinua kanisa ulikuwa na bahasha yake, na ndani vipande vya mkanda. Zefania alikuwa akikata mkanda vipande vipande, watu sita kila kipande, wamefuatana kama walivyoketi. Akavipitisha juu ya taa. Kwenye negativu, kama ulikuwa hujui, mweusi anakuwa mweupe na koti la kijivu linakuwa la kijivu vilevile, na kila mtu ana mboni nyeupe za kutisha. Akaona wanaume wawili wenye koti, warefu, wenye taya za ukoo mmoja. Akamgeuza mmoja kwenye kompyuta akamwonyesha Joyce.

"Ni huyu?"

Joyce alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Alimtazama yule kijana mwenye nywele zilizogawanywa, akaona taya ya baba yake, akaona koti alilosimuliwa, akaanza kulia kwa sauti. "Ni yeye. Baba yangu jamani, alikuwa mzuri hivi?"

Mtu akilia namna hiyo humwambii atazame na yule mwingine. Isitoshe umeme ulikuwa umeanza kucheza, taa zinafifia na kuwaka, na ukikatika ndiyo basi mpaka jioni, na bodaboda nje anapiga honi. Damari akakaza mwendo. Akampaka mvi, akamshusha mashavu, akamchora paji la uso, akatoa picha kubwa, akaitia kwenye fremu yenye ua jeusi pembeni. Joyce akaifunga ndani ya kanga, akaikumbatia kifuani, akapanda pikipiki. Damari akaona amefanya kazi njema. Siku hiyo alikula chakula kwa hamu.

Mazishi yalikuwa Jumatano mchana, na Damari alikwenda, maana Mzee Msengi alikuwa mtu wa kanisani kwao. Turubai lilikuwa limefungwa chini ya jua kali, wazee wameketishwa mbele kwenye viti vya plastiki. Jeneza likatolewa ndani, mjukuu akatangulia na fremu ikiwa bado imefunikwa kanga. Ikawekwa juu ya meza. Kanga ikafunuliwa.

Kwaya ilikuwa inaimba, ikaendelea kidogo, kisha sauti moja ikanyamaza, na nyingine, mpaka akabaki mtu mmoja wa besi anaimba peke yake kwa sababu alikuwa amefumba macho. Damari, akiwa nyuma na wanawake, aliona vichwa vya watu vikitoka kwenye picha vikienda kwenye viti vya wazee, vikirudi kwenye picha.

Mstari wa mbele alikuwa ameketi Mzee Yohana, mtoto wa baba mkubwa wa marehemu. Mrefu, mvi zimegawanywa katikati, mashavu yameshuka, mistari mitatu kwenye paji la uso. Alinyanyuka kwa fimbo yake, akasogea hadi kwenye meza, akainama. Alikuwa haoni vizuri kwa mbali. Akatazama kwa muda mrefu ile sura iliyokuwa sura yake mwenyewe, ya sasa hivi, ina ua la msiba pembeni, imesimama kichwani pa jeneza.

"Huyu ni mimi," akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyeulizwa jina. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, Joyce akaanguka, na watu wakaanza kusukumana kama wameona nyoka. Mwinjilisti akachukua kanga akafunika picha haraka haraka, akaamuru kwaya iimbe. Mzee Msengi akazikwa hana uso. Na Damari akiwa amesimama pale alielewa kila kitu kwa mara moja: ndugu wawili, siku moja, koti moja. Kama angemwacha kijana, watu wangesema tu wamefanana, ukoo mmoja. Zile mvi ndizo zilizomaliza. Mkono wake mwenyewe ulimchukua kijana Yohana ukamzeesha mpaka akafika mahali Yohana aliye hai alipo.

Uchuro. Neno hilo lilifika Shelui kabla yeye hajafika. Picha ya mtu aliye hai imewekwa kwenye jeneza, ikaombewa, ikaimbiwa. Wakristo wazuri wenye Biblia majumbani walisema hawaamini mambo hayo, kisha wakashusha sauti wakauliza, hivi Mzee Yohana anaendeleaje?

Kesho yake asubuhi walikuja wana wa Mzee Yohana. Mkubwa wao, Melkizedeki, ndiye aliyeongea, wadogo zake wawili wamesimama mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibuni ndani. Nilikuwa nimepanga kuja kwenu na mzee wa kanisa, niombe..."

"Hatujaja kugombana," Melkizedeki akasema. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mkulima wa alizeti, mpole kwa kawaida. "Mzee hajala tangu jana. Amelala ametazama ukuta. Ile ya fremu tunayo, tunataka na iliyoizaa, na iliyo kwenye kompyuta. Vyote."

Damari alifuta ya kwenye kompyuta mbele ya macho yao. Akaleta kopo la Mgongo, akatoa kile kipande cha mkanda, akachukua mkasi. "Nitakukatia ya mzee. Hapa wapo na watu wengine, hizi ni za..."

"Usikate dada. Lete yote."

"Lakini hawa wengine..."

"Nimesema yote! Ukibakiza hata unywele wa mzee humu ndani, akifa leo utasema nini?"

Na Damari, aliyekuwa tayari anajiona muuaji, alitoa. Hakukirudisha kile kipande juu ya taa hata mara moja, aone hao wengine ni akina nani. Alitaka waondoke. Walikichoma hapo hapo nyuma ya banda la chipsi, na mkanda ukiungua unanuka vibaya, mama wa chipsi akalalamika kwamba anafukuziwa wateja.

Watu waliona. Jumatatu akaja mzee mmoja wa Ntwike, mcheshi siku zote, safari hii hakutania. "Mwanangu Damari, sina neno na wewe. Ila na mimi nimo humo kwenye makopo. Naomba unitoe." Akamtoa. Akaja mama na wanawe kumtoa bibi yao ambaye bado anachuma mboga. Akaja fundi cherehani, akaja mke wa mchungaji wa zamani. Wote walisalimia vizuri. Wote walisema hawana ubaya naye. Hakuna aliyekubali mkasi, kila mmoja alitaka kipande kizima, na katika kila kipande walikwenda na watu watano wasiokuwa wao. Damari alijaribu kuwaeleza mwanzoni. Baadaye akachoka, akawa anawafungulia makopo tu. Aliona uchungu ambao hajauona tangu amzike baba yake, na ni bora ule wa kwanza, maana baba alikufa mara moja akaisha.

Misiba ilitokea, kama kawaida ya misiba. Wafiwa walipita nje ya mlango wa buluu wakaenda mjini na picha za simu zenye ukungu, marehemu nusu uso, ameshika chupa ya soda kwenye harusi ya mtu. Afadhali hiyo, walisema.

Hezekia akapiga simu. Alikuwa amesikia, nani hakusikia? "Dada, pole. Lakini tuseme ukweli sasa."

"Nipe mpaka alizeti zivunwe."

"Zikivunwa itakuwaje?"

Damari alikuwa na jambo moja moyoni, na alilishikilia kufa na kupona. Mzee Yohana hakufa. Wiki zilipita, mzee akaanza kula uji, akaanza kuketi nje, watu walimwona. Ikiwa mzee huyo huyo atakuja siku moja kwa miguu yake, akaingia studio mchana kweupe, akaketi kwenye kiti cha Zefania, basi uchuro utakuwa umekwisha. Nani ataogopa kopo ambalo mzee mwenyewe haliogopi? Alikwenda Mgongo na mzee wa kanisa, amebeba sukari na kanga ya heshima, wakakutana na Melkizedeki uwanjani. Alipokea sukari kwa mikono miwili, akawashukuru, akasema mzee amelala. Walikwenda tena. Mzee amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na walimsikia anakohoa ndani.

Basi siku ya mnada, alizeti zikiwa zimeshaanza kuinamisha vichwa, mji umejaa watu na kuku na vumbi, bodaboda ikasimama mbele ya mlango wa buluu na Mzee Yohana akateremka. Peke yake. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mama wa chipsi akaacha mafuta yanaungua. Watu wa mnada wakasimama, wengine wakavuka barabara kabisa waje waone, na Damari moyo ukamlipuka, akatoka nje mbio kama msichana.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Mbona unanikimbilia, nitaanguka." Akatabasamu. Alitabasamu kweli, mbele ya watu wote. "Watoto wameniweka ndani kama kuku anayeatamia. Leo wamekwenda shamba nikatoroka."

Watu wakacheka. Damari alisikia kicheko hicho akataka kulia. Akamshika mkono akamwingiza, akamketisha kwenye kiti cha mkeka, akaacha mlango wazi makusudi ili wamwone. Akaanza kuomba radhi, maneno yote aliyokuwa ameyapanga kwa wiki nyingi, na mzee akamkatiza kwa kiganja.

"Acha. Hukuniua. Niliogopa, sikufichi, niliogopa sana. Lakini nikikaa pale nimetazama ukuta nikawaza, kumbe mwenzangu yumo humu. Nikajiona mjinga. Miaka yote hii sikukumbuka kuja."

"Mwenzako nani baba?"

"Eliza. Mama yao Melkizedeki." Alisema jina hilo polepole. "Alikufa Melkizedeki akiwa hajaanza shule. Picha yake ilikuwa ukutani, mchwa wakaila. Sasa nimezeeka mwanangu, na sura yake inanipotea. Namkumbuka sauti, namkumbuka mwendo, nikitafuta uso nakuta uso wa dada yake. Tulipiga siku ile ile ya koti. Nilitangulia mimi, halafu Msengi, halafu yeye. Nimekuja unitolee, kubwa, niiweke karibu na kitanda. Mvi usimpake. Hakufika huko."

Hapo nje watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanasikiliza, wengine wametikisa vichwa kwa huruma. Damari alisimama. Alikwenda kwenye rafu akashusha kopo la Mgongo, jepesi, karibu tupu, akalifungua, akaingiza vidole, akapekua vile vipande viwili vilivyobaki ambavyo alivijua vizuri kuwa ni vya mwaka mwingine. Alipekua tena. Alikuwa anajua tangu mzee alipotaja siku ile ya koti, lakini mikono ilikataa kuacha.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Baba, zilikuwa kwenye kipande kimoja." Akamwonyesha kopo. "Wewe, na Mzee Msengi, na mama. Kipande kimoja. Vijana wako walikuja wakakichukua."

"Wakakipeleka wapi?"

"Walikichoma baba. Hapo nyuma."

Mzee Yohana alibaki ameshika fimbo kwa mikono miwili, ametazama sakafu. Nje mtu alimwambia mwenzake kitu, akanyamazishwa.

"Lakini wewe ulikiona," mzee akasema baadaye. "Kabla hawajakichukua, wewe ulikiweka kwenye taa yako. Ulimwona. Niambie alikuwaje."

Damari hakuwa amemwona. Alikuwa ametafuta wanaume wenye koti. Angeweza kusema hivyo, na pengine ingekuwa heri. Lakini alimtazama yule mzee katika shati lake la pasi, huruma ikamzidi, akafanya kile ambacho mikono yake ilizoea kufanya kwa wafiwa.

"Alikuwa mzuri baba. Ametulia. Amefunga kitambaa kichwani, ametazama mbele, anatabasamu kidogo."

Mzee alinyanyua uso.

"Hapana," akasema. "Hakutazama mbele. Melkizedeki alikuwa mchanga, shangazi yake amemshika pale mlangoni, analia. Eliza akageuza kichwa amwangalie, na baba yako akawa ameshabonyeza. Tulimwomba arudie, akasema mkanda hauchezewi. Ndiyo picha yenyewe, anamwangalia mtoto." Akamtazama Damari. "Kumbe hata wewe humjui."

"Nisamehe baba."

"Basi nimebaki mimi peke yangu ninayemjua," Mzee Yohana akasema, bila hasira hata kidogo, akijiinua kwenye kiti. "Na mimi mmeshanizika."

Watu wakampisha mlangoni. Bodaboda alikuwa bado anamsubiri. Damari alisimama na kopo mkononi mpaka vumbi la pikipiki likatulia na watu wakarudi mnadani, kisha akachukua simu akampigia Hezekia, akamwambia anaweza kuja na spea zake hata kesho.